Mgeni wa Mshumaa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama jikoni kwangu mjini Bar, sufuria mkononi, mke wangu Senka ameshaondoka. Nasikia kuna waliocheka. Chekeni tu, mimi nimeshazoea.

Kwa aliyekosa toleo lile, mambo yalikuwa hivi. Mama yangu, Stana, alihamia kwetu paa la nyumba yake lilipobomoka. Alisema anakuja kwa siku chache. Paa likatengenezwa, yeye akabaki. Alichopika Senka, mama alikipika upya. Alichofua Senka, mama alikifua upya. Asubuhi aliyoingia chumbani kutandika upya kitanda chetu, na sisi ndani yake, Senka alivuta sanduku lake akarudi kwa baba yake, Gojko, bonde la Crmnica.

Akabadili namba ya simu. Nilipomfuata, mkwe wangu alinipokea getini.

"Ukikanyaga hapa tena," alisema Gojko, "nitakufungulia mbwa."

Nikarudi mjini nikafanya lile ambalo ningelifanya mapema kama ningekuwa na akili timamu. Nilimpeleka mama kwa shangazi yangu Jovanka, kule Ulcinj. Alilia njia nzima. Nilimshusha na mabegi yake yote, nikarudi nyumbani, nyumba ikiwa kimya, nikakaa kitako na kujiambia kwamba sasa mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Nilikutana sokoni na binamu yake Senka, akanipa habari kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Kaka yake Senka aliyeko Ujerumani amempatia kazi ya kutunza wazee. Basi linaondoka Jumapili.

"Hujui?" akaniuliza.

"Najua," nikamjibu. Ndiyo kwanza nilikuwa nasikia.

Kwa hiyo nilikuwa na habari njema, nayo ilikuwa ya maneno mawili tu: mama amehama. Na sikuwa na njia ya kumfikishia mke wangu kabla ya Jumapili.

Isipokuwa moja. Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Luka, mtakatifu wa ukoo wa Gojko. Na kwetu, siku ya mtakatifu wa ukoo haalikwi mtu, wala hafukuzwi mtu. Mwenye nyumba akishawasha mshumaa asubuhi, yeyote anayevuka kizingiti ni mgeni, hata kama jana yake mlikuwa mnatafutana kwa bunduki. Anapewa kiti, anapewa glasi, anaitwa ndugu.

Nikavaa suti ya harusi yangu. Ilinibana.

*

Bonde la Crmnica ni zuri. Nasema hivyo ili mtu asije akasema nina wivu. Unatoka baharini, unapanda mlima, unashuka upande wa pili, na hapo ndipo mizabibu inapoanza, na mikomamanga, na ziwa linang'aa kwa mbali. Watu wanatoka nchi za watu kuja kuliona. Mimi ningetoa chochote nisilione.

Pale kwenye kona ya juu gari la watalii lilikuwa limeziba njia. Mume na mke, wanapigana picha. Nikapiga honi. Mume akaja dirishani na tabasamu la mtu aliyelala vizuri.

"Samahani, kaka, unaweza kutupiga picha tuwe wote wawili?"

"Nina haraka."

"Moja tu. Mke wangu ameipenda sana sehemu hii."

Nikashuka. Nikawapiga. Mke akasema amefumba macho. Nikawapiga tena. Mume akasema mlima haukuonekana.

"Wewe ni wa hapa?" mke akaniuliza. "Una bahati iliyoje!"

"Tena kubwa," nikasema. "Mke wangu yuko huku chini na mimi niko huku juu."

Wakacheka. Walidhani ni utani.

*

Gojko alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama inavyompasa mwenye nyumba. Aliponiona uso ulimbadilika, kisha ukarudi. Nyuma yake ndani niliuona mshumaa, mnene, wa nta ya nyuki, unawaka mbele ya picha ya mtakatifu.

"Heri ya sikukuu, mwenye nyumba," nikasema.

Alitazama mshumaa. Akanitazama mimi. Nikamwona anavyomeza.

"Heri iwe kwako pia, mgeni."

Akanibusu mara tatu, shavu hili, lile, na hili tena. Kwenye busu la tatu akaninong'oneza sikioni: "Mbwa nimemfunga. Leo tu."

Mama mkwe, Darinka, aliniletea kijiko cha ngano iliyochemshwa, kama anavyopewa kila anayeingia. Nikajifanyia ishara ya msalaba, nikala. Yeye hakunichukia. Tangu Gojko alipougua moyo majira ya kuchipua na kuanza kuishi kwa vidonge, Darinka hana nafasi ya kumchukia mtu.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimekonda kwa kukosa mke, mama."

"Basi leo kuna samaki," akasema, akanisukuma ndani.

Senka alikuwa jikoni. Nilimwona mgongo tu, na nywele zake alizozifunga kwa kitambaa cha bluu nilichomnunulia mimi. Ilikuwa hatua chache tu kutoka nilipo. Nikaanza kwenda.

Mkono wa Gojko ukanikamata begani.

"Mgeni wetu anakwenda wapi? Mkwe wangu huyu! Akae chini wapi? Akae juu, kichwani mwa meza!"

Watu wakapiga makofi. Nikasukumwa hadi mwisho kabisa wa meza, chini ya picha ya mtakatifu, mshumaa pembeni yangu, ukuta mgongoni. Upande wa kulia, akiniziba njia, akakalishwa Vukota, rafiki wa Gojko na msimamizi wake wa harusi, mtu mpana kama kabati. Mlango wa jikoni ulikuwa mwisho wa pili wa meza, na kati yangu nao kulikuwa na ukoo mzima.

Nilielewa. Yule mzee hakuweza kunifukuza, basi akaamua kuniheshimu mpaka nife.

*

Mnajua kula samaki huku unasubiri maisha yako? Mimi sasa najua. Samaki wa ziwani aliyeokwa na plamu kavu. Samaki wa moshi. Samaki wadogo wa kukaanga. Kila nilipomaliza sahani, Gojko mwenyewe alisimama akaijaza.

"Mgeni hali! Chakula chetu hakimpendezi?"

"Nimeshiba, baba."

"Mtu wa mjini. Huko wanakula karatasi."

Kicheko. Nikala.

Senka alikuja mara ya kwanza na mkate. Hakunitazama. Alipofika karibu yangu niliegemea mbele.

"Senka, mama ameha..."

"Simameni!" Vukota akanguruma, glasi juu. "Kwa afya ya mwenye nyumba!"

Meza nzima ikasimama. Kwetu mtu akisimama kutakia heri, hakuna anayetafuna wala anayenong'ona. Na Vukota hajawahi kutakia heri kwa ufupi. Alianzia kwa babu yake Gojko. Akapita kwa vita. Akapita kwa ugonjwa wa mizabibu. Alipofika kwa Gojko mwenyewe, Senka alikuwa ameshaondoka na kikapu kitupu.

Mara ya pili alikuja na divai.

"Senka, nisikilize, mama..."

"Simameni! Kwa afya ya mama wa nyumba!"

Nikamwangalia Gojko kule ng'ambo ya meza. Alikuwa anatabasamu. Mara zote mbili alikuwa amemkonyeza Vukota, nikamwona kwa macho yangu.

Nilitaka kupindua ile meza na samaki wake wote. Lakini mgeni akipindua meza siyo mgeni tena, na mbwa wa Gojko nimewahi kukutana naye. Nikajikaza. Nikakunja kitambaa cha mezani, nikakikunjua, nikakikunja.

Ndipo nikapata wazo. Nikamgeukia Vukota.

"Mzee Vukota, ni kweli kwamba divai ya kaka yako ni nzuri kuliko hii?"

"Nani kasema?"

"Wanasema huko Virpazar."

"Wajinga hao! Kaka yangu anatia maji!" Akageuka upande wa pili kumweleza jirani yake, na jirani akabisha, na wakaanza. Gojko akamkonyeza mara moja, mara mbili. Vukota hakuwa na habari naye.

Senka akaja kuondoa sahani. Akainama juu ya bega langu.

"Mama amehama," nikasema, haraka kama mwizi. "Yuko kwa Jovanka. Nimempeleka mwenyewe. Nyumba ni yako, Senka, ni yetu wawili. Usipande lile basi."

Mikono yake ikasimama juu ya sahani.

"Unanidanganya."

"Sikudanganyi."

"Uliniambia hivyo wakati wa Pasaka. Ukasema anahama wiki ile."

"Safari hii amehama. Na mabegi yake. Na kile kiti chake."

"Hata kiti?"

"Hata kiti."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alinitazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, sijui kwa vitunguu au kwa sababu yangu.

"Apa," akasema.

Nikaweka mkono karibu na ule mshumaa, karibu hata joto lake nikalisikia.

"Naapa mbele ya mshumaa huu wa baba yako. Mama yangu haishi tena nyumbani kwangu."

Akavuta pumzi. Akachukua sahani yangu, akanong'ona bila kufungua midomo sawasawa: "Pitia jikoni, toka mlango wa nyuma. Nisubiri chini ya mizabibu. Nitakuja. Nataka unieleze yote, ila siyo mbele ya hawa."

Jamani! Nilijisikia mwepesi, nikasahau hata suti inayonibana.

Nikasimama.

"Mgeni anakwenda wapi?" Gojko.

"Kujisaidia, baba."

"Choo kiko ndani. Nimekijenga mwenyewe."

"Basi nataka hewa."

"Hewa ya bure!" akasema Vukota, akacheka, akasogea. Hakujua alichokifanya. Nikapita kati ya magoti na viti, nikaomba radhi huku na kule, nikavuka jikoni, Darinka akanipisha na sinia lake, nikashika kitasa cha mlango wa nyuma.

Nikafungua.

*

Upepo wa ziwani ulinipiga usoni, ukanipita, ukaingia. Nikasikia mlango wa mbele ukijibamiza ukutani. Mapazia yakainuka. Karatasi za kufutia mikono zikaruka mezani kama kuku.

Kisha nikasikia nyuma yangu glasi zikiwekwa mezani, moja baada ya nyingine.

Nikageuka. Kutoka jikoni niliiona meza yote mpaka mwisho wake, na kule mwisho, chini ya picha ya mtakatifu, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kuelekea dari.

Mshumaa ulikuwa umezimika.

Sinia likamtoka Darinka mikononi.

Mshumaa wa sikukuu haujizimi. Huzimwa na mwenye nyumba, jioni, kwa divai na kwa maneno yake. Ukizimika wenyewe, watu wetu husema yumo mmoja wa nyumba ile ambaye hatauona mwaka mwingine. Padri atakwambia huo ni ushirikina. Lakini hata padri, siku kama hii, huhakikisha dirisha limefungwa.

Darinka alikuwa anamtazama mumewe. Gojko mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani, kwenye mfuko wa vidonge, wenyewe tu.

"Nani amefungua mlango?" akauliza, taratibu.

Kitasa kilikuwa bado mkononi mwangu. Ukoo mzima ukanigeukia.

"Ni upepo, baba."

"Aliapa mbele ya mshumaa," akasema Senka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, sahani zangu mikononi, uso umemwisha rangi. "Sasa hivi. Aliweka mkono pale akaapa."

"Ameapa nini?"

"Kwamba mama yake amehama."

Vukota akajifanyia ishara ya msalaba. Wengine wakamfuata. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni kweli!" nikapiga kelele. "Ni kweli amehama! Nyinyi mna nini? Ni upepo! Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, hata mtoto mdogo anajua!"

"Umeapa uongo kwa mtakatifu wangu," akasema Gojko, "na mtakatifu wangu amekujibu."

"Sikuapa uongo!"

"Mshumaa umezimika. Kwa hiyo sikukuu hakuna. Na kama sikukuu hakuna..." Akavuta pumzi, na pamoja na hofu yake yote niliona furaha inamwingia usoni. "Kama sikukuu hakuna, wewe si mgeni. Vukota, nenda kamfungue mbwa."

Vukota akaangalia sahani yake. Ilikuwa imejaa.

"Sasa hivi?" akauliza.

"Sasa hivi!"

"Mbwa wa nini tena?" sauti ikasema kutoka mlango wa mbele. "Na ule mlango wa nyuma mmeuachaje wazi hivi? Mnataka watu wapate mafua?"

Ile sauti naijua tangu kabla sijazaliwa.

Mama yangu alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa cheusi kichwani, kikapu mkononi. Viatu vyake vilikuwa matope matupu. Mkono mwingine ulikuwa bado kwenye kitasa. Nikaelewa, na chumba kizima kikaelewa pamoja nami. Mimi nilifungua nyuma, yeye alifungua mbele, kwa wakati mmoja.

"Heri ya sikukuu, wenye nyumba," akasema mama.

Vukota akamwinamia Gojko.

"Aliingia mshumaa ukiwaka, au ulikuwa umeshazimika?"

"Yeye ndiye kauzima!"

"Ndiyo, lakini ili auzime ilibidi kwanza uwe unawaka. Kwa hiyo ni mgeni."

"Kaa kimya, Vukota!"

"Mama," nikasema. "Unafanya nini hapa?"

"Kwani hapa kuna kualikana? Nimekuja kumchukua mkwe wangu. Nimeona wewe huwezi." Akaweka kikapu chini, akaanza kufuta viatu, polepole, kama mtu aliyetembea kutoka stesheni. "Na kwa Jovanka sirudi. Tumegombana. Mwanamke hajui hata kukaanga yai, nikimwelekeza ananuna. Vitu vyangu nimevirudisha nyumbani leo asubuhi, nikakuta umefunga. Nimeviacha kwa jirani."

"Vitu gani?" akauliza Senka.

"Vyote, binti yangu. Na kiti."

Senka akacheka. Kicheko kifupi, kibaya, sijawahi kukisikia kwake. Akaziweka zile sahani mezani.

"Uwasheni!" Darinka alikuwa analia. "Uwasheni tena kabla moshi haujaisha, Gojko, nakuomba!"

Gojko akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikamponyoka, ikaanguka kwenye samaki. Mzee wa watu! Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimhurumia.

Senka akamwondolea kiberiti mkononi, taratibu. Akasimama mbele ya mshumaa. Akawasha njiti.

Lakini hakuugusa utambi. Aliishika ile njiti hewani, akanigeukia.

"Zdravko," akasema. "Ulikuwa unasema kweli ulipoapa. Nimeona. Kwa hiyo sikuulizi yaliyopita, nakuuliza ya sasa. Nijibu neno moja tu, mbele ya mshumaa wa baba yangu, na mimi nitauwasha au sitauwasha. Mama yako anaishi wapi?"

Mama aliacha kufuta viatu. Aliinua uso akanitazama, na tabasamu alilokuja nalo lilikuwa bado halijajua liende wapi. Ndani ya kikapu chake niliona mkate wa jozi, ule anaoupenda Senka, umefungwa kwa kitambaa safi. Alikuwa ameubeba kutoka Ulcinj.

Nje mbwa alianza kubweka.

Nikafungua mdomo. Moto ulikuwa umeshafika vidoleni mwa Senka, na hakuitupa ile njiti.